Makopo Kumi na Mawili ya Kijani

Hasamba, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Yonasi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Rozi. Huku kwetu tunapumua. Mvua bado ipo lakini imeanza kuchoka, mahindi yamebeba, na kahawa mwaka huu imezaa mpaka matawi yanataka kushikiliwa. Angel amepata kazi ya uuguzi hospitalini Mbozi Mission. Kila akija nyumbani ananipima presha kabla sijaweka jembe chini, ananikaripia kuhusu chumvi, na mimi namwacha anikaripie kwa sababu namwonea fahari mtoto wangu.

Nimekupigia simu mara nne mwezi huu. Inaita, inakatwa, halafu unaniletea ujumbe kwamba spika imekufa, nikuandikie barua. Spika gani hiyo inayokufa miezi minane? Haya, nimeandika. Nampa Brayan, yule kondakta wa Coaster za Vwawa na Tunduma, na nimemwambia asiikunje kama nauli.

Jambo lenyewe ni Landrova la shemeji yako Raphaeli, lile pikapu lenye bodi la kufungwa nyuma, alilokuwa akibebea wagonjwa wa Hasamba nzima. Tangu tumzike, miaka mitatu sasa, limekaa bandani. Injini inawaka, shemeji Amoni, ndugu yake, huliwasha kila mwisho wa mwezi, lakini mwili wake umeliwa na kutu mpaka kuku wanaingia kwa mlango wa dereva bila kufunguliwa. Wiki iliyopita upande wa mume wangu walikaa kikao. Amoni akasema gari lisilofanya kazi ni chuma chakavu, na wanunuzi wa chuma chakavu ameshawapata huko huko kwenu Tunduma. Nikasema halitauzwa. Akaniuliza, sasa shemeji litafanya nini? Nikainuka mbele ya watu wote nikaenda jikoni.

Jibu nimelipata leo baada ya ibada. Chama chetu cha wakulima kinatafuta gari la kukusanya kahawa kwenye mashamba ya mlimani ambako Fuso haifiki. Mwenyekiti, Bwana Asajile, atakagua magari tarehe sita Julai, na amesema wazi kwamba hapakii kahawa kwenye kutu. Nilimfuata Amoni pale pale kwenye uwanja wa kanisa. Amekubali mbele ya mashahidi: likichukuliwa na chama, linabaki kwetu. Likikataliwa, anawapigia wanunuzi wake siku hiyo hiyo.

Wewe ni mpiga rangi, miaka kumi na nane umepiga rangi magari ya watu. Njoo wiki moja tu unipigie la kwetu. Nikilipoteza gari hili nitakuwa nimemzika Raphaeli mara ya pili.

Dada yako,
Fides


Tunduma, 21 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Barua imefika, ikiwa imekunjwa mara nane na kuwekwa mfuko wa nyuma. Mimi na Rozi tupo salama. Malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni mpaka nje ya mji, vumbi ni lile lile, na biashara zinasogea. Mpe Angel hongera zangu. Chumvi punguza, anasema kweli.

Kuja sitaweza, dada. Kazi imebana sana wakati huu. Usinikasirikie kwanza, soma mpaka mwisho.

Rangi ya gari si lazima ipigwe na kompresa na bunduki ya gereji. Kuna rangi za makopo ya kupuliza kwa kidole, na mtu mvumilivu akizitumia gari linatoka vizuri kabisa. Wewe ni mvumilivu kuliko mimi. Nimenunua makopo kumi na mawili ya kijani na manne ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Nimeyachukua kwa Bana Lucky, ndivyo Wabemba wanavyomwita mama yake Lucky, anayevuka mpaka kila siku kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na beseni kichwani. Nimechagua kijani cha majani, kwa sababu ndicho kilichoandikwa kwenye kadi ya gari. Alitaka kunipa kijani cha jeshi kwa bei nafuu nikakataa, usije ukasimamishwa kila kizuizi.

Sasa sikiliza. Rangi ni kitu cha mwisho. Anza na kutu. Ing'oe kwa brashi ya waya, kisha msasa mkali, kisha msasa laini wa kulowesha maji, mpaka ukipitisha kiganja ukiwa umefumba macho usisikie kitu. Penye tundu, ziba kwa pati niliyokuwekea, ule uji mzito wa fundi unaokauka ukawa mgumu. Osha kwa sabuni, acha likauke, futa kwa kitambaa chenye thina. Hapo ndipo praima. Kopo litikise mpaka mkono uchoke. Lishike mbali na bati, shubiri moja na nusu, anza kusogeza mkono kabla hujabonyeza. Puliza nyembamba, subiri, puliza nyembamba tena. Ukitaka kumaliza haraka rangi itatiririka. Asubuhi za huko makopo yakiwa ya baridi yatatema mate badala ya kupuliza, basi yaweke kwenye maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto. Yasiende karibu na jiko, kopo linalipuka.

Kuna barakoa kwenye boksi, ile nzito yenye vichujio viwili. Uivae hata kwa kopo moja, hata kwa dakika moja. Hili siombi, naamuru, ingawa mimi ndiye mdogo.

Na nani ataliendesha? Usimpe kijana wa bodaboda.

Mdogo wako,
Yonasi


Hasamba, 12 Mei 2024

Mdogo wangu,

Ulikaa kimya au nilikaa kimya mimi? Ni mimi. Palizi ya maharage ilinishika, kisha mvua ikarudi kama iliyosahau kitu, nikashindwa kukausha hata khanga, sembuse gari. Tumshukuru Mungu imekatika. Mjukuu wa jirani amebatizwa na amelia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka.

Nilikukasirikia siku tatu. Ya nne nikafungua boksi.

Yonasi, kutu inachosha kuliko kulima. Kiganja changu cha kulia kimeota sugu mpya juu ya sugu za zamani. Mlango wa dereva ulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, nimeliziba kwa pati mara tatu, la kwanza likaanguka, la pili likapinda, la tatu limekubali. Nimefumba macho nikapitisha kiganja kama ulivyosema na sikusikia kitu, nikabaki nimesimama pale nacheka peke yangu.

Kisha likatokea la kutokea. Masking tepu uliyotuma, ile ya kubandikia magazeti pasipotakiwa rangi, ilikwisha kabla sijamaliza vioo. Nikasema nitabandika magazeti kwa uji mzito wa dona, si tulikuwa tunabandikia madaftari shuleni? Nikabandika vioo vyote na taa, pakapendeza. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, kuku wote wapo juu ya boneti wanadonoa magazeti, na jogoo amekaa juu ya paa anawasimamia. Hawakubakiza hata kichwa cha habari. Praima nimeipiga siku ya pili, kuku wakiwa wamefungiwa.

Barakoa naivaa. Inanifanya nifanane na mtu wa kupulizia viuadudu, na watoto wanakimbia wakiniona. Lakini ni nzuri mno hii, mpya kabisa, imefungwa na nailoni yake. Kama yako umenipa mimi, wewe unatumia nini huko gereji? Nijibu hilo.

Dada yako,
Fides


Tunduma, 19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nimesoma habari za jogoo kwa sauti, Rozi amekaa chini kwa kucheka. Anakusalimu sana na anauliza kama jogoo huyo yupo hai bado, maana anafaa kwa mchuzi. Hapa hatujambo. Umeme unakatika kila jioni na tumeuzoea.

Nakutumia masking tepu sita. Uji tuwaachie wanywaji.

Umefanya kazi nzuri kwenye mlango ule. Fundi wa mjini angekata bati jipya. Sasa kijani. Anza na sehemu ya chini ya mlango wa nyuma ambako watu hawaangalii, mkono wako ujifunze hapo. Mikono mitatu myembamba kila sehemu, yaani kupuliza mara tatu, robo saa katikati. Puliza siku isiyo na upepo, baada ya ukungu kuondoka, tuseme saa nne. Makopo mawili uyabakize kwa marekebisho. Lile bodi la nyuma, ndani, napo pulizia vizuri, sakafu na kuta zake zote. Mwenyekiti atafungua aangalie kahawa inakaa wapi, akute pamependeza.

Barakoa usiivue hata unapotikisa kopo.

Hujaniambia nani ataendesha.

Mdogo wako,
Yonasi


Hasamba, 9 Juni 2024

Yonasi,

Salamu zenu. Sisi wazima, ila mimi moyo hauko mahali pake, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Nimeharibu gari.

Nilianza vizuri. Mlango wa nyuma, madigadi zote mbili, ndani ya bodi kama ulivyosema, vyote vimekaa safi. Alhamisi nikapiga boneti na mlango wa dereva, mikono mitatu, nikajiona fundi. Kufika saa sita jua likawaka kweli. Na mimi wiki hiyo hiyo ndiyo nilikuwa nimeanza kuanika kahawa ya kwanza. Wewe umelelewa kwenye kahawa, unajua. Kahawa mbichi iliyomenywa ukiianika, jua la saa sita likizidi unaifunika ganda lisipasuke. Nimefanya hivyo tangu nina miaka saba. Nikatoka kufunika kichanja, nikapita mbele ya banda nilikolitoa gari, nikaona boneti linang'aa juani, na mikono yangu ikachukua nailoni iliyobaki ikafunika na boneti. Sikufikiri hata kidogo. Nikakandamiza na mawe pembeni upepo usiipeperushe.

Saa tisa nikafunua kahawa, kisha nikafunua boneti. Nusu ya rangi imeondoka na nailoni. Nusu iliyobaki imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Shemeji Amoni alikuwa anapita na baiskeli. Akashuka, akaangalia, akauliza kwa upole kabisa kama na gari nalo nitalikoboa. Nilimjibu vizuri mpaka alipoondoka, kisha nikakaa kwenye ndoo nikalia. Nimelia kwa ajili ya boneti, Yonasi, na sikulia hivyo hata wiki ya msiba, nilikuwa na wageni wa kupikia.

Wiki nne zimebaki. Makopo yamebaki mawili na nusu. Niambie ukweli kama nimeshindwa.

Fides


Tunduma, 12 Juni 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia haraka Brayan yupo mlangoni.

Hujashindwa. Katika miaka yangu yote ya gereji sijaona mtu aliyefunika rangi kama kahawa, nilicheka mpaka Rozi akaninyang'anya barua, lakini kosa hilo linatengenezeka. Usiguse chochote wiki nzima. Iache ikauke hadi ndani. Kisha msasa laini na maji mengi, sugua hayo makunyanzi mpaka yalale, usihofu ukiona praima. Rudia praima kidogo, rudia kijani. Bana Lucky ametoa makopo mawili kwa ajili yako baada ya kusikia habari, anasema umemfurahisha. Praima moja nimeongeza mimi.

Gari likishapigwa rangi linataka hewa. Acha wazi.

Usilie tena peke yako kwenye ndoo. Ukilia, niandikie.

Yonasi


Hasamba, 7 Julai 2024

Yonasi,

Amani iwe kwenu. Baridi imeshuka hasa, asubuhi tunaota moto na kahawa vichanjani haitaki kukauka. Angel mzima. Nina mambo mawili, la gari na la kwako, na la kwako nitaliweka mwisho.

Boneti lilikubali. Siku ya Ijumaa nililifuta kwa kitambaa nikaona sura yangu kwa mbali, kijani kijani. Jana asubuhi nikaingia, nikawasha, nikaliendesha mwenyewe mpaka kwenye ghala la chama. Ndiyo, mimi. Umeniuliza mara mbili nani ataendesha nikakunyamazia, kwa sababu ningekuambia ungeniandikia kurasa tatu za hatari. Mzee Wiliam, yule dereva mstaafu, amenifundisha tangu Machi kwenye uwanja wa mpira kwa gari la mtoto wake, na leseni ninayo. Watu wote ghalani walisimama. Amoni alivua kofia akaishika mkononi kama amekuta msiba.

Bwana Asajile alilizunguka mara mbili. Akagonga milango kwa kidole, akauliza fundi ni nani, nikasema ni mimi na mdogo wangu. Akasema ni kazi safi. Kisha akafungua nyuma akaingiza kichwa, akakaa humo muda. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Akaniambia, Mama Angel, gari ni zuri kuliko yote yaliyokuja, lakini ndani linanuka rangi, na kahawa inakunywa harufu. Nikipakia leo, mnunuzi atakutana na rangi kwenye kikombe, na watakaoumia ni wakulima wote.

Nilijua ni kweli kabla hajamaliza. Mimi nisiyeruhusu mtu aweke hata kitunguu karibu na kahawa. Miezi miwili na barakoa usoni sikuwahi kunusa, na siku ya kunusa nilikuwa na furaha mno.

Amoni akatoa simu. Mwenyekiti akamwambia airudishe mfukoni. Kuna mkupuo wa pili wa kukusanya kahawa za juu mlimani, unaanza katikati ya Agosti. Amesema harufu ikiisha nilirudishe. Amoni amekubali kusubiri wiki ya Nanenane ipite, si siku moja zaidi. Mkupuo wa kwanza limechukuliwa gari la mtu mwingine.

Sasa la kwako. Brayan alikuwepo jana. Nikamwambia pitia gereji umweleze Yonasi yaliyotokea. Akaangalia chini. Akasema, mama, kaka Yonasi hayupo gereji mwaka wa tatu huu. Anauza viatu vya mtumba nyuma ya stendi, na akipanda kile kilima cha kwake anasimama mara mbili kuvuta pumzi.

Hukuja kumzika Raphaeli. Uliniletea ujumbe kwamba bosi amekunyima ruhusa. Mtu aliyekusomesha, aliyekupeleka Tunduma kujifunza kazi kwa gari hilo hilo. Nilisema nimekusamehe, lakini ilikuwa mdomo tu, moyo bado unauma. Kama kuna kitu ulinificha, niandikie sasa. Na kama hakuna, niandikie hivyo hivyo.

Fides


Tunduma, 28 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Rozi ameniambia nisipoimaliza leo ataiandika yeye, na yeye hataficha hata neno.

Ni kifua. Miaka kumi na mitano nilipuliza rangi nimejifunga fulana puani, tukiamini maziwa ukinywa jioni yanasafisha. Wiki aliyofariki shemeji nilikuwa nimelazwa, sikuweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Daktari alisema mapafu yameumizwa na rangi, akanikataza kuisogelea maisha yangu yote. Wewe ulikuwa unazika mume. Nikaona nikikuambia utaacha msiba uje Tunduma, nakujua. Nikasingizia bosi. Baadaye uongo ukawa umekaa muda mrefu, nikaona haya kuutoa. Simu yangu haina ubovu wowote. Niliogopa ungesikia ninavyopumua.

Nisamehe, dada. Nilimlilia Raphaeli kitandani nimegeukia ukuta.

Na la gari ni kosa langu, si lako. Mimi ndiye niliyekuambia upulizie ndani. Pua yangu haisikii harufu tena, si rangi, si kahawa, si ugali unaoungua. Rozi ndiye ananionjea. Mtoto wa mkulima wa kahawa nimesahau kwamba kahawa ina pua, kwa sababu mimi sina.

Fanya hivi. Osha ndani kwa maji moto na sabuni ya mche, mara tatu kwa wiki. Mchana milango yote wazi juani. Jioni weka mabeseni ya mkaa mkavu na makapi ya kahawa ndani yake, asubuhi toa. Rangi ikikomaa inaacha kunuka.

Natamani kuja kuliona. Lakini gari linalonuka rangi siwezi kulikaribia, hata likiwa la Raphaeli.

Mdogo wako,
Yonasi


Hasamba, 11 Agosti 2024

Yonasi mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Rozi, na Rozi mwambie nimempenda zaidi. Angel anawasalimu. Sisi wote wazima.

Barua yako nimeisoma shambani, nimesimama kati ya mibuni, nikakaa chini. Nilikukasirikia kidogo, nisikudanganye. Kisha nikahesabu miaka mitatu unapanda kilima kile peke yako na mimi huku nimekununia, nikalia vizuri, safari hii si kwa ajili ya boneti. Yameisha. Nimekusamehe na moyo umo ndani. Nawe unisamehe kwamba sikuja kugonga mlango wako badala ya kungoja barua.

Nimeosha gari mpaka sabuni ya mche imeisha dukani kwa jirani. Mkaa, makapi, jua, kila siku bila kuruka. Angel alikuwa ananusa kwa niaba yangu kila mwisho wa wiki, maana mimi nilishazoea siamini tena pua yangu. Wiki iliyopita akasema hasikii kitu. Lakini Bwana Asajile hakutaka pua ya mtu. Alhamisi, siku ya Nanenane yenyewe, alileta debe la kahawa kavu ya shambani kwake, akaliweka nyuma ya gari, akafunga milango akaondoka na ufunguo. Jana, siku mbili baadaye, akalitoa. Tukaikoboa kahawa kwenye kinu, tukaikaanga pale pale ghalani, tukachemsha. Amoni alikuwepo na simu yake mkononi.

Mwenyekiti akanywa. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Akamaliza kikombe, akakisukuma mezani, akasema aongezewe. Nikauliza, mwenyekiti, inanuka? Akasema inanuka kahawa.

Linaanza kubeba Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Amoni tangu jana anawaambia watu "gari letu", na leo kanisani nimemsikia akimweleza mtu namna ya kupiga msasa kwa maji.

Sasa hili ni la kwako. Angel amezungumza na daktari wa vifua hospitalini kwao, anakusubiri Jumatatu hiyo hiyo. Utakaa kwangu mpaka aseme vinginevyo. Chumba kipo, na Rozi aje naye, viatu mtaviuza Vwawa. Usiniambie habari za harufu. Kama kahawa ya Asajile imelala humo siku mbili ikatoka salama, na kifua chako kitatoka salama.

Jumamosi tarehe kumi na saba mzigo wa kwanza wa gari hili ni wewe. Nitaondoka hapa saa mbili, nitakuja polepole, malori yatanipita na mimi nitayaacha yanipite. Usiandike jibu, maana huku hakutakuwa na mtu wa kuletewa na Brayan. Nitakuwa barabarani, nakuja kwako.

Dada yako, dereva,
Fides